Je, Zawadi Inaweza Kufumuliwa?

Mwaka jana nilipewa kazi ya kuzunguka nyumba kwa nyumba na fomu mkononi, kuuliza watu wamefanya nini na vitu walivyogawiwa. Blanketi liko wapi, ndoo iko wapi, sweta iko wapi. Fomu ilikuwa na visanduku vinne: inatumika, imeuzwa, imepotea, imeharibika. Unaweka tiki, unasema asante, unaenda nyumba inayofuata. Nyumba arobaini nilizimaliza kwa siku mbili bila kufikiri sana. Ya arobaini na moja ilikuwa ya Mama Triko, na hapo kalamu ikakwama.

Mama Triko siyo jina lake. Ni sisi vijana tuliomwita hivyo, kwa sababu kwetu Kongo sweta ni triko, na yeye alianza kuzifuma akiwa msichana kule Uvira. Sindano zake ni spoku mbili za baiskeli, ncha amezisugua kwenye jiwe mpaka zimekuwa laini kama mfupa wa samaki. Jumanne na Alhamisi anafundisha kwenye kituo chetu cha vijana, ndiyo maana namfahamu vizuri. Mwanzoni wavulana walicheka, wakasema hiyo kazi ya mabibi. Mwezi wa Juni ulipofika, usiku wa huku Nyarugusu ukaanza kuuma mifupa, wale wale walikuja kuuliza kama kofia ni ngumu kufuma.

Ana paka pia, anaitwa Kapita. Wasiojua: kapita huko kwetu ni yule msimamizi wa shamba ambaye kazi yake ni kukaa na kutazama wengine wanavyofanya kazi. Paka mwenyewe yuko hivyo hivyo. Analala juu ya mfuko wa nyuzi, jicho moja wazi, mkiinua mfuko anawaangalia kama mmechelewa kazini. Mwaka 2023, mgao wa chakula ulipokatwa mpaka ukafika nusu, kuna majirani walimuuliza Mama Triko anapata wapi moyo wa kufuga paka. Alijibu kwamba yeye hamlishi, anampa tu mahali pa kulala. Chakula Kapita anajitafutia, na panya wakiisha kwenye nyuzi zake wanaisha pia kwenye unga wa jirani. Nitarudi kwa huyu paka, ana kitu cha kutufundisha, hata kama mwenyewe hana habari.

Sasa nyuzi zinatoka wapi? Hapa ndipo kesi ilipoanzia. Uzi mpya ni ghali, kwa hiyo Mama Triko anatafuta sweta kuukuu, za mitumba au za kugawiwa, anazifumua. Siyo kila sweta inakubali. Kwanza anageuza ndani nje na kutazama mshono wa ubavuni. Kama kitambaa kilikatwa kwa mkasi kisha kikashonwa kwa mashine, ukikifumua unapata vipande vifupi vifupi, hasara tupu. Lakini kama kila upande ulifumwa kwa umbo lake, ukikata mshono na kupata mwisho wa uzi, unavuta mpaka sweta nzima inarudi kuwa uzi mmoja mrefu. Halafu anachoma kipande kidogo kwa kiberiti. Kikiyeyuka na kuganda kama shanga ngumu, hiyo ni plastiki. Kikinuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika kwa vidole, hiyo ni manyoya ya kondoo kweli, na uso wake unang'aa.

Sufu inapokea rangi za jikoni, plastiki haipokei. Anakusanya maganda ya vitunguu kwa wauzaji, anayachemsha juu ya makaa yanayobaki baada ya maharage kuiva, maana kuni za kupikia rangi peke yake hakuna. Uzi mweupe unatoka na rangi ya dhahabu, ukikaa sana unakuwa kahawia kama udongo wetu wa huku. Akipata shabu kwa kinyozi, anauloweka uzi humo kwanza ili rangi ishike vizuri. Manjano hataki hata kuisikia. Inapendeza siku ya kwanza, lakini jua likiipata inakimbia. "Wakimbizi humu tunatosha," anasema.

Basi. Kwenye ugawaji mmoja alipata sweta ya mtu mzima, nyeupe, nzito, iliyofumwa kwa mkono na mtu wa mbali. Nyumbani ana wajukuu wawili, sweta ni moja. Aliifumua. Akatia uzi rangi ya vitunguu, akafuma visweta viwili vya watoto visivyo na mikono. Tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, tulipanga kazi za mikono kwenye meza, wageni wakapita. Dada mmoja wa shirika, anatoka Marekani, alishika kimoja akauliza kwa Kiswahili chake cha taratibu: uzi mzuri namna hii mmeupata wapi? Mama Triko, kwa furaha ya fundi aliyeulizwa swali la fundi, alimwambia ukweli wote.

Yule dada hakupiga kelele. Ingekuwa kelele tungejitetea. Macho yalimjaa maji, akasema bibi yake hufuma sweta kama ile kwa ajili ya kuzituma kwa watu, na mikono yake inauma. Akasema mtu aliyefuma ile alitoa jioni zake za miezi. "Mtu akikupa jioni zake, unazifumuaje?"

Na mimi, ambaye nilipaswa kusimama na mama yangu, nilisimama na shirika. Nilimwambia mbele ya wasichana: Mama, si ungeuliza kwanza? Akanitazama. "Nimuulize nani, mwanangu?" Niseme ukweli, siku ile sikuwa nafikiria haki wala mema. Nilikuwa nafikiria posho yangu ya motisha.

Lakini swali la yule dada halikuniachia. Ni swali zuri. Nimelala nalo usiku mwingi, na nataka kulijibu kwa heshima, siyo kwa hasira.

Wazee husema nguo ya kuazima haisitiri matako. Zamani nilidhani methali hii inamsema mwazimaji. Siku hizi naona inasema juu ya nguo yenyewe: kitu ambacho mwenyewe bado anakishika upande mmoja hakiwezi kukufunika. Nikikupa jembe, na kila asubuhi nakuja kuangalia unalima wapi, hilo jembe sijakupa, nimekukodisha, na malipo yake ni kunipa maelezo. Wengi wetu humu tuna vitu vya namna hiyo. Tunavitunza vizuri, lakini kama mtu anavyotunza mzigo wa mwenzake kituoni, hataki kuufungua. Mama Triko alikuwa mtu wa kwanza niliyemwona akipokea kitu cha msaada kama chake kabisa. Alikipokea mpaka ndani, mpaka kwenye uzi.

Kapita naye ni mtoaji. Asubuhi nyingine analeta panya aliyekufa, anamlaza katikati ya mkeka, anaondoka zake. Mama Triko anamshukuru, akigeuka anatupa panya. Kapita hajawahi kurudi na fomu.

Najua wafanyakazi wa mashirika watakaosoma hapa watasema, haya, na chandarua je? Wana haki ya kuuliza. Mjomba wangu mwenyewe alifanya chandarua kuwa uzio wa vifaranga, na nilimgombeza mpaka tukanuniana wiki nzima. Kwa sababu pale kuna mtoto anayelala bila kinga, na mtoto hakuulizwa. Kwa hiyo sisemi kwamba kitu ukishapewa fanya lolote. Nasema tutazame nani anabaki kwenye baridi baada ya kitu kubadilika. Kwenye chandarua cha mjomba alibaki mtoto. Kwenye sweta ya Mama Triko hakubaki mtu, ila walioingia ndani ni wawili badala ya mmoja.

Na kama watoaji wakisikia, wakakata tamaa, wakaacha kutuma? Hili sina jibu lake la kunyooka. Inawezekana. Ila sitaki tuishi kama watu wanaocheza sinema ya shukrani kwa watazamaji wasiowaona.

Nilipotafuta kwenye simu habari za kufumua, nilikuta kitu ambacho kilinishangaza. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza nguo zilikuwa kwa mgao. Ilianza mwaka 1941, watu walipewa kuponi kama sisi na kadi zetu, na mgao huo haukuisha mpaka 1949, vita vikiwa vimekwisha zamani. Mwaka 1943 serikali yenyewe ilitoa kijitabu cha kufundisha watu kurekebisha nguo kuukuu, na akina mama walikuwa wakifumua sweta, wanaosha uzi, wanafuma upya kwa ajili ya watoto. Wale waliitwa raia wema. Mkono uliofumua ulikuwa unasaidia taifa. Sijui kwa nini mkono ule ule, ukiwa wa mkimbizi, uonekane unabomoa.

Yule dada alirudi baada ya wiki mbili. Hakuja kuomba msamaha, na sisi hatukumwomba. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatuonyesha kwenye simu picha za sikukuu ambayo bibi yake huenda, mahali panaitwa Rhinebeck, jimbo la New York, kila mwezi wa Oktoba. Kondoo wamepangwa kwenye mabanda, na nyuzi zimening'inizwa rangi zote, zambarau, kijani, rangi ya papai. Watu wanalipa kiingilio ili watazame nyuzi! Wasichana walidai anawadanganya. Wengi wao, alisema, wanafuma sweta mpya kila mwaka ili waivae siku hiyo. "Kama Bonane," akasema Mama Triko, na hapo tukaelewa wote, maana nani kati yetu hajawahi kusubiri Bonane kwa ajili ya nguo mpya.

Halafu yule dada akauliza tena, sasa kwa sauti ya chini, kama hakusikia vibaya kuivunja kazi ya mwenzake. Mama Triko alichukua muda kujibu. Alisema aliyefuma anajua kazi yake, aliyevaa anajua joto lake, lakini aliyefumua ndiye anayeisoma mstari kwa mstari. Alihesabu mistari yote ya mgongo. Aliona pale kitanzi kilipoponyoka na yule mama akarudi kukiokota mistari sita juu. Aliona mkono wa kushoto umefumwa kwa kukaza kuliko wa kulia. "Labda siku hizo alikuwa na wasiwasi," alisema. Yule dada alinyamaza. Sidhani alikubali. Mpaka leo sidhani amekubali, lakini Alhamisi huwa anakuja, na kofia yake ya kwanza imetoka kama sufuria.

Turudi kwenye nyumba ya arobaini na moja. Nimekaa na fomu. Inatumika, imeuzwa, imepotea, imeharibika. Kapita ananitazama. Nikauliza, Mama, nijaze nini? Akasema, mwalimu ni wewe. Wale wajukuu walikuwa nje wanasukumana, kila mmoja na kisweta chake cha rangi ya vitunguu. Niliweka tiki kwenye "inatumika", na pembeni nikaandika kwa kalamu: na watu wawili.

Kisha alifungua Biblia yake akatoa kikaratasi. Kilikuwa kimefungwa kwenye sweta tangu ilipotoka kwenye boksi, kimeandikwa kwa mkono, kwa Kiingereza. Hakuna aliyekuwa amemsomea. Nilikisoma moyoni kwanza, nikiogopa. Nilidhani nitakuta maneno ya upendo, au mstari wa Biblia, kitu ambacho kingetuhukumu wote wawili. Kiliandikwa: Osha kwa maji ya baridi. Usikamue. Laza ikauke.

"Hayo najua," alisema Mama Triko, akacheka mpaka akafuta macho. Sufu ukiistua kwa maji ya moto na kuisugua inajikunyata, haifunguki tena, kila fundi anajua.

Lakini alipomaliza kucheka aliniomba nigeuze fomu, upande wa nyuma ambao ni mtupu, nimwandikie yule mama. Nilimwambia hakuna anuani. Akasema andika tu, mashirika yanajuana. Kuna kitu kimoja anajutia. Kufumua kunaanzia pale kazi ilipomalizikia, na ile sweta ilimalizikia shingoni. Shingo ilikuwa inavutika vizuri ajabu, kichwa kinapita bila shida na ikishapita inarudi, na yeye aliifungua haraka kabla hajajua kwamba alipaswa kutazama ilivyofungwa. Sasa zake zinakaba, watoto wanalia wakivalishwa. Anataka kujua, pale mwisho kabisa, yule mama alifunga vitanzi namna gani.

Niliandika vile vile alivyosema. Fomu ilienda pamoja na zile nyingine arobaini.