Jina Ukutani

Wajapani wana neno rakugaki. Hulitumia kwa vijichoro vya mtoto pembeni mwa daftari, na hulitumia pia kwa grafiti ya ukutani. Asili yake ni maandishi yaliyodondoshwa: zamani mwenye shutuma dhidi ya wakubwa aliiandika bila jina, akaiacha njiani iokotwe. Mwaka 1334 maandishi ya aina hiyo yalibandikwa Kyoto, kando ya mto, yakiukejeli utawala wa Mfalme Go-Daigo. Aliyeyaandika hajulikani hadi leo.

Vijana waliopulizia rangi ukuta mrefu wa Sakuragicho, Yokohama, chini ya reli, waliligeuza jambo hilo. Filamu ya Wild Style ilipofika Tokyo mwaka 1983, ilileta desturi ya New York ya kuandika jina, tena jina la kujichagulia. Yule wa kale alificha jina ili neno lake lisikike. Hawa huficha uso ili jina lionekane. Hawana mali mjini, lakini wanataka mji ujue kwamba wamo.

Januari 2019 Gavana wa Tokyo, Yuriko Koike, alionyesha picha ya panya mdogo mwenye mwavuli na begi, aliyechorwa kwenye mlango wa ukuta wa kuzuia maji ya bahari, karibu na stesheni ya Hinode. Ilidhaniwa ni kazi ya Banksy, mchoraji mashuhuri wa grafiti. Mlango uling'olewa, ukatunzwa, kisha ukawekwa kwenye jengo la serikali ya jiji watu wautazame.

Hapo ndipo moyo wangu unapokataa. Ikiwa kosa ni kuchora mali ya mwenzio bila ruhusa, panya naye ana kosa. Ikiwa uzuri hufuta kosa, basi kila mchoro utazamwe kwanza ndipo usuguliwe. Serikali iliuliza jina tu. Mwenye duka wa Shibuya, Tokyo, anayekuta asubuhi herufi nono kwenye mlango wake wa chuma, rangi imechuruzika hadi sakafuni, ana haki kuliko serikali: anasugua kwa hasira, na hajali aliyeandika ni nani.

Mwaka 1632 Mjapani aitwaye Morimoto alifika Angkor Wat, Kambodia, akaandika kwa wino kwenye nguzo kuwaombea wazazi wake. Leo ni marufuku kugusa michongo ya hekalu hilo, na wino wake, japo umefifia, unalindwa pamoja na nguzo.