Kurasa Kumi, Mdomo Mmoja

Mwanafunzi anapokwenda mtandaoni kutafuta habari za kuandikia insha yake, sisi walimu aghalabu humpa orodha. Tazama jina la mwandishi. Tazama tarehe. Tazama kama tovuti ni ya chuo au ya duka, kama lugha yake ni safi, kama haikujaa matangazo. Orodha hii haina dhambi, ila inampima mtu kwa kanzu yake, na tapeli ndiye mwenye kanzu safi kuliko wote.

Mwaka 1998 ilifunguliwa huko Marekani tovuti ya mzaha iliyoeleza habari za pweza anayeishi juu ya miti, katika misitu ya kaskazini-magharibi ya nchi ile. Ilikuwa na picha, jina la kisayansi, na maombi ya kumnusuru mnyama huyo asitoweke. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Connecticut waliwaonyesha tovuti hiyo wanafunzi 25 wa darasa la saba, na karibu wote waliiona ni ya kuaminika. Hata walipoambiwa kuwa ni uzushi, wako walioendelea kushikilia kwamba pweza yule yupo.

Nikisimulia kisa hiki darasani kwetu pwani, watoto hucheka hadi machozi. Pweza mtini! Mtoto aliyekwenda mwambani na mama yake wakati wa bamvua, akamwona pweza pangoni mwake, hahitaji orodha ya mwalimu. Lakini kicheko hicho nakiogopa kidogo. Kinachomlinda mtoto wetu hapo si akili kuliko ya mwenziwe wa Connecticut. Ni mwamba anaoujua. Mpe ukurasa juu ya dawa ya kisukari, au juu ya deni la taifa, ambako hana mwamba wa kusimama, naye atapanda mtini kumtafuta pweza kama wenzake.

Basi asiyejua afanyeje? Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza jinsi makundi matatu yalivyozipima tovuti: wanahistoria 10 wenye shahada za uzamivu, wahakiki wa habari 10, na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Wanafunzi, na hata wanahistoria wengi, walibaki ndani ya ukurasa wakiusoma kwa makini, na mara nyingi nembo nzuri na jina la heshima viliwahadaa. Wahakiki hawakukaa. Walitupa jicho, wakatoka, wakaenda kuuliza kwingine: hawa ni nani, na wengine wanasemaje juu yao? Naam, hivyo ndivyo wazee wetu walivyofanya posa ilipoletwa. Hawakumhoji bwana harusi uzuri wake. Walituma mtu mtaani kwao.

Ila kutoka nje nako kuna mtego wake, na hapa ndipo huwaweka wanafunzi wangu kwa muda mrefu. Tafuta mtandaoni ukoo wa Nabahani ulifika Pate lini. Kurasa nyingi zitakujibu kwamba ni mwanzoni mwa karne ya 13, takriban mwaka 1204. Mwanafunzi huhesabu kurasa kumi, akaona amepata mashahidi kumi. Kumbe zote zinateka kisima kimoja, nacho ni Habari za Pate. Nakala zake ziko kadhaa. Mwaka 1993 Marina Tolmacheva alichapisha nne zilizohifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini ukizifuatilia, nyingi zinarudi kwa mzee mmoja wa ukoo huohuo wa Nabahani, aliyejulikana kwa jina la Bwana Kitini. Mwaka 1969 mwanaakiolojia Neville Chittick alizitilia shaka tarehe hizo za mwanzo. Simwiti Bwana Kitini mwongo. Tungekuwa maskini bila yeye. Nasema tu kwamba shahidi mmoja aliyenukuliwa mara kumi bado ni mmoja. (Na zile programu za siku hizi zinazomjibu mtu papo hapo mara nyingi hukuletea maji bila kukuonyesha kisima chenyewe.)

Kijana mmoja aliwahi kuniuliza, kwa adabu zote: "Mwalimu, ikiwa kila neno lina nani kasema, wewe tukuamini kwa nini?" Wenzake walinyamaza wakingoja nikasirike. Sisi tumelelewa kwamba neno la mkubwa halirudishwi, na swali lile lingeweza kuhesabiwa utovu wa heshima. Mimi naona ni haki yake. Ninayemfundisha kuuliza siwezi kujitoa katika watu wa kuulizwa. Nilimjibu kwa kumtajia lipi nimelisoma mwenyewe, lipi nimelipokea kwa mwalimu wangu, na lipi nalikisia. Waliosoma chuoni walielewa upesi, maana wamezoea kusikia hadithi ikitanguliwa na majina ya wapokezi wake.

Ninachokihofia zaidi ni kijana yule wa aina nyingine, anayetoka darasani akisema, "Wote waongo tu." Huyo hujiona mjanja. Kwa kweli amejipumzisha, kwa sababu asiyemwamini yeyote haachi kuamini. Huamini linalompendeza, na siku mama yake anapougua atafuata ukurasa unaoahidi nafuu ya haraka. Kumfundisha mtoto shaka bila kumfundisha pa kuweka imani yake ni kumvunjia nyumba na kumwacha uwanjani. Sijui kama sote tunaofundisha somo hili tumeupima uzito huo.

Tatizo jingine ni mtihani. Msahihishaji anataka mwaka mmoja, hataki mjadala wa visima. Binti mmoja aliyekuwa amezisoma habari za Pate kwa bidii alinijia siku chache kabla ya mtihani. "Shikamoo mwalimu. Wakituuliza Wanabahani walifika lini, niandike ninavyojua au wanavyotaka?" Nilimwambia aandike 1204, ila atangulize maneno haya: kwa mujibu wa Habari za Pate. Aliyahesabu kwa vidole, akaona hayatamla muda.