Nipe Mfano

Somo: Luka 10:25–37

Yule mwanasheria aliyesimama kumjaribu Yesu hakuwa mgeni wa maneno. Alipoulizwa torati inasemaje, alijibu bila kukwama: kumpenda Bwana Mungu kwa moyo wote, na kumpenda jirani kama nafsi yake. Yesu akamwambia amejibu vema. Angeweza kuondoka na sifa yake. Lakini akauliza tena, akitaka kujua jirani yake ni nani hasa. Alitaka apewe maana ya neno. Alitaka kujua mpaka wake uko wapi, nani yumo ndani na nani amebaki nje.

Hakupewa maana. Alipewa barabara inayoteremka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, na mtu aliyepigwa na wanyang'anyi akaachwa karibu ya kufa. Alipewa kuhani aliyepita upande wa pili, Mlawi aliyefanya vivyo hivyo, na Msamaria aliyeshuka akafunga majeraha, akayatia mafuta na divai, akampandisha yule mtu juu ya mnyama wake na kumwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili. Kisha Yesu akamrudishia swali lake: katika hao watatu, yupi alikuwa jirani?

Sisi tunaiita habari hiyo mfano. Na mwalimu akishatuandikia ubaoni neno la Kiingereza na maana yake, halafu akatunga sentensi ili tulione neno likiwa kazini, hiyo nayo tunaiita mfano. Waingereza wana maneno mawili hapo, "parable" na "example". Sisi tunalo moja, na wiki hii nzima nimekuwa nikimshukuru Mungu kwa ajili yake, maana limenifundisha kitu ambacho miaka ya chuo cha theolojia haikunifundisha.

Mnajua kwamba ukumbi wetu wa usharika huwa na darasa kila Jumamosi, tangu watoto wa darasa la saba wanapomaliza mtihani wao mwezi Septemba hadi wanapoingia kidato cha kwanza Januari. Wengi wao wamesoma kila kitu kwa Kiswahili. Mtoto anaujua usanisinuru vizuri, anaweza kukuchorea jani na kukueleza mwanga wa jua unafanya kazi gani ndani yake. Januari anakaa kwenye dawati jipya, anaambiwa jambo lile lile linaitwa "photosynthesis", na asubuhi hiyo moja anageuka kuwa mtu asiyejua kitu. Nimeona watoto wachangamfu, wa kwanza kunyoosha mkono katika shule ya Jumapili, wakiwa wamenyamaza kabisa kabla Pasaka haijafika. Inaniuma sana. Ndiyo maana nilianza kukaa nao.

Nilianza vibaya, kwa sababu nilifundisha kama nilivyofundishwa. Shuleni kwetu tulipewa maneno ishirini kila jioni, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, na asubuhi kulikuwa na fimbo kwa kila neno lililosahaulika. Basi nami niliwapa watoto orodha, ingawa bila fimbo. Nikaandika "borrow", kuazima. Nikaandika "lend", kuazima. Wakakariri vizuri mno. Jumamosi iliyofuata kijana mmoja aliyesahau kalamu akamgeukia mwenzake kwa ujasiri wote akasema, "Borrow me your pen." Baadhi yao wakacheka, naye hakufungua kinywa tena siku ile.

Kosa lilikuwa langu. Kiswahili kinasema niazime kalamu yako, na kinasema pia nimeazima kalamu kwa Yohana. Neno moja linakwenda na kurudi. Kiingereza kimegawanya njia: kitu kikija kwangu ni "borrow", kikitoka kwangu kwenda kwa mwenzangu ni "lend". Orodha yangu haikuonyesha kalamu inaelekea upande gani, na mtoto angejuaje? Ila sentensi mbili zingetosha. "I borrowed a hoe from my uncle. My uncle lent me a hoe." Jembe ni lile lile na mjomba ni yule yule, na sasa mtoto anauona mkono unaotoa na mkono unaopokea.

(Kuhusu kicheko kile, niliwasomea Waamuzi 12, habari ya Waefraimu walioshikwa kwenye vivuko vya Yordani wakaambiwa watamke Shibolethi. Walishindwa sauti moja tu, na watu 42,000 wakafa. Tangu siku hiyo hakuna anayechekwa katika ukumbi ule kwa sababu ya matamshi yake.)

Wapo waliolitambua jambo hili zamani kuliko mimi, na nawashukuru. A. S. Hornby alikuwa Mwingereza aliyefundisha lugha yake huko Japani kwa miaka mingi. Aliona wanafunzi wanaojua maana ya maneno chungu nzima lakini hawawezi kuyaunganisha. Akiwa na wenzake wawili akatengeneza kamusi kwa ajili ya mtu anayejifunza, yenye maana rahisi na mifano ya namna neno linavyokaa ndani ya sentensi. Ilichapwa Tokyo mwaka 1942, wakati nchi yake na Japani zikiwa vitani. Mwaka 1948 ikachapwa na Oxford, na wajukuu wa kitabu hicho ndio wale wanene wenye kurasa nyembamba ambao wengi wetu tuliwahi kuwaona mikononi mwa walimu wetu.

Kabla yake alikuwepo James Murray, mcha Mungu aliyeanza mwaka 1879 kuongoza kazi ya kamusi kubwa ya Oxford. Aliwaomba wasomaji wa kawaida wamsaidie. Kila aliyekuta neno kitabuni alinakili sentensi nzima kwenye kipande cha karatasi na kumtumia. Karatasi zilimjia kwa mamilioni, akazipanga katika banda la mabati kwenye bustani ya nyumba yake. Alikufa mwaka 1915 kazi ikiwa bado, na kamusi ikakamilika mwaka 1928. Katika kazi yote hiyo ya uangalifu, neno moja lilidondoka. Ni neno "bondmaid", yaani mjakazi, ambalo Biblia ya Kiingereza ya King James inalitumia katika Wagalatia 4, pale Paulo anapomkumbuka Hajiri. Karatasi zake zilipotea, na kamusi ikatoka bila mjakazi. Aliingizwa mwaka 1933, katika juzuu ya nyongeza. Mimi niliyelelewa pwani, ambako neno mjakazi lilikuwa maisha ya mabibi wa watu, siwezi kuisoma habari hiyo haraka haraka.

Turudi ukumbini. Niliacha orodha. Sasa tunachukua maneno matano tu kwa siku, na kila neno tunakaa nalo. Siku tuliyokaa na "patient" ilikuwa ya baraka. Binti mmoja aliuliza kwa nini mgonjwa wa zahanati na mtu mvumilivu wanaitwa jina moja. Nikawaeleza kwamba mzizi wake ni neno la Kilatini lenye maana ya kuteseka, kustahimili. Mgonjwa ni anayeteseka, mvumilivu ni anayestahimili. Mzizi huo huo umezaa "passion", ambalo Wakristo wanaosema Kiingereza hulitumia kwa mateso ya Bwana wetu, na umezaa "compassion", kuteseka pamoja na mwingine. Hilo la mwisho ndilo Biblia ile ya King James inalotumia kwa Msamaria alipomwona yule mtu barabarani. Kiswahili kinasema alimhurumia, na ni vema. Lakini siku ile, kwa msaada wa lugha ya kigeni, niliona kwa mara ya kwanza kwamba Msamaria alijiweka upande wa mgonjwa. Nilikuwa nimelihubiri somo hilo mara nyingi.

Daftari zao zina mistari mitatu kwa kila neno: neno, maana, mfano. Maana wanaitoa kwenye kamusi, tunazo tatu, zinazunguka. Mfano lazima watunge wenyewe, na nina sharti moja: sentensi iwe ya kweli. Sitaki "The cat is on the table" kwa mtoto asiye na paka. Andika kuhusu nyumba yenu, njia yenu, kisima chenu. Neno likishabeba kitu chako halikutoki.

Sharti hilo niliweka kwa ajili ya kumbukumbu zao. Sikufikiri ya kwamba nilikuwa nawaomba watoto waniambie ukweli.

Wiki tatu zilizopita neno lilikuwa "although", ingawa. Ni neno gumu, kwa sababu linaunganisha vitu viwili visivyopaswa kuwa pamoja. Nilikusanya daftari jioni, nikazisoma nyumbani kwa kalamu nyekundu. Wengi waliandika habari za mvua na mpira. Msichana mmoja mkimya, wa miaka kama kumi na minne, aliandika: "Although my mother sells fish, we do not eat fish." Ingawa mama yangu anauza samaki, sisi hatuli samaki.

Nikaangalia koma. Ilikuwa mahali pake. Nikaangalia kitenzi, kilikuwa sawa. Nikaweka tiki, nikaandika "Very good", nikachukua daftari lililofuata.

Jumamosi iliyopita, nikijiandaa kwa somo la Jumapili hii, nilichagua neno "neighbour". Niliona litaenda vizuri na mahubiri. Tuliisoma maana kwa pamoja kutoka kwenye kamusi, mtu anayeishi karibu nawe, nao wakainamisha vichwa kutunga. Nilipita kati ya madawati. Mmoja alikuwa ameandika juu ya jirani mwenye redio kubwa, mwingine juu ya bibi anayewatunzia ufunguo. Nilipofika kwa yule msichana, neno alikuwa ameliandika kwa mwandiko safi, na maana ameinakili bila kosa. Mstari wa tatu ulikuwa mtupu. Nilimwuliza kama hajaelewa. Akasema, "Nimeelewa, Baba Mchungaji. Natafuta ya kweli."

Kengele ya saa sita ikalia kabla hajaipata. Alifunga daftari, akanipa kwa mikono miwili, akatoka na wenzake. Nilisimama dirishani nikamwona anakopita. Hakwenda mbali. Alizunguka mnara wa kengele, akainama chini ya waya wa kuanikia nguo, akaingia katika nyumba ya pili nyuma ya ukuta wa kanisa, ile ambayo mlango wake unaonekana kutoka kwenye meza ninayoandikia mahubiri.

Nilifunga ukumbi. Daftari lake nilikuwa nalo mkononi, nikapita nyuma ya kanisa, nikapiga hodi.