TAFAKARI YA RAMADHANI, SIKU YA 14: Amana isiyoshikika kwa mkono

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Natumai futari ilikuwa njema na baridi yetu hii haijamzuia mtu kuja Tarawehe. Jambo la leo si la kawaida kwenye chaneli hii. Naomba mnivumilie mpaka mwisho, maana ndani yake mna kosa langu mwenyewe.

Wiki iliyopita alinipigia simu kijana wetu mmoja. Alisoma madrasa hapa hapa Wanging'ombe, akapandia basi Makambako kwenda Dar es Salaam kusoma, na sasa amepata nafasi kwenye kampuni kubwa, idara ya usimamizi wa data na akili mnemba. Nikamwambia, "Mwanangu, hebu nieleze kama unavyomweleza bibi yako." Akacheka. Akasema: "Ustadh, kampuni inashika taarifa za watu wengi mno. Kazi yangu ni kuuliza maswali. Hii taarifa tumeipata wapi? Mwenyewe alikubali? Nani anaruhusiwa kuifungua? Itakaa kwetu mpaka lini? Na mashine inayoamua nani apewe huduma na nani anyimwe, imejifunza kwa taarifa za akina nani, na ikikosea nani atajibu?"

Nikasema mashallah, kazi nzuri hiyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Tatizo ustadh, mimi ni breki, lakini anayenilipa ni dereva. Siku akitaka kukimbia, breki itafanya nini? Mshahara wa namna hii ni halali kweli?"

Sikumjibu siku ile. Nilikumbuka jambo.

Ramadhani iliyopita tuligawa sadaka ya unga, mafuta na tende. Kwa nia njema kabisa, ili waliochanga waone mali yao imefika, nilipiga picha karatasi ya waliopokea nikaiweka kwenye chaneli hii hii. Majina na namba za simu, yote yalikuwa pale. Baada ya siku mbili mama yetu mmoja, mjane, akapigiwa simu na tapeli aliyejifanya mtu wa kamati ya msikiti. Akamtaja kwa jina, akamtajia mpaka alichopokea. Akamwambia kuna fedha imeingia kwake kimakosa, airudishe. Mama wa watu akatuma shilingi 40,000 aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya mbolea. Alipokuja kwangu hakunilaumu. Alisema tu, "Ustadh, kumbe majirani wote wanajua nilichukua unga wa msaada."

Jamani, fedha tulichanga tukamrudishia. Lile la pili nilirudisheje? Picha ilishatoka, imeshakaa kwenye simu za watu nisiowajua. Mimi ndiye niliyekuwa mtunza taarifa, na nilikosa mtu wa kuniuliza yale maswali ya yule kijana.

Sasa tuangalie dini yetu inasemaje. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani haizungumzii Swala wala Hijja. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya ya kuandikiana deni. Mwenyezi Mungu anaamrisha mwandishi aandike kwa uadilifu. Kisha tazameni jambo ambalo wengi tunalipita tukisoma: anayesema maneno ya kuandikwa ni yule mwenye kudaiwa, yule ambaye maandishi yale yatamfunga. Akiwa hawezi, msimamizi wake amsemee kwa uadilifu. Maana yake, anayeandikwa habari zake ana sauti katika kile kinachoandikwa. Mwandishi hatakiwi kumuumiza mtu, wala yeye hatakiwi kuumizwa kwa sababu ya kazi yake. Mimi kama mwalimu wa darasani, nikisoma pale naona kanuni ya masjala yoyote duniani.

Tuje kwetu. Nani hapa hajatoa alama za vidole kusajili laini ya simu? Mkulima gani hapa hajaandikishwa kwenye mfumo wa ruzuku ya mbolea, ule ulioanza msimu wa 2022/2023, akatoa jina na namba ya simu? Mambo hayo yana faida, sisemi vinginevyo. Lakini kila ulipotoa kidole chako kuna mtu upande wa pili anayeshika kitu chako. Kitu hicho hakishikiki kwa mkono kama gunia la mahindi, lakini ni amana.

Na amana ikichezewa inauma. Mnaikumbuka mikopo ya mitandaoni, ile watu wanayoiita kausha damu. Mtu anakopa, akichelewa kulipa, ujumbe wa kumdhalilisha unakwenda kwa shemeji, kwa bosi, kwa mwalimu wa mtoto, kwa sababu aplikesheni ilishachukua namba zote za kwenye simu yake. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Suala la riba leo naliacha, hukumu yake mnaijua. Nataka muone jambo jingine: yule shemeji hakukopa, ila namba yake ilitolewa na ndugu yake bila kuulizwa.

Majirani zetu Kenya yaliwafika ya Worldcoin. Watu walipanga foleni Nairobi kupigwa picha ya mboni ya jicho ili wapewe sarafu ya kidijitali. Agosti 2023 serikali ikasimamisha shughuli hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo za miili ya watu zifutwe. Mtu atasema, kwani walilazimishwa? Hawakulazimishwa. Lakini mwenye njaa akiambiwa "kubali, utapata hela", kukubali kwake kunakuwa na uzito gani? Kwenye fiqhi tunafundishana kwamba muuzaji asiyejua anachouza, biashara yake ina kasoro. Na jicho nalo lina bei gani?

Kwetu sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Sheria inataka taasisi inayokusanya taarifa za watu iwe na afisa wa kuzilinda. Inampa mtu haki ya kuomba jambo zito linalomhusu lisiamuliwe na mashine peke yake. Ndugu zangu, hizi ni ajira. Wazazi mliosikia kijana anasoma mambo haya mkasema "hiyo nayo kazi?", eleweni kwamba aliyesoma sheria, kompyuta, takwimu, hata utunzaji wa kumbukumbu, mlango huu uko wazi kwake.

Narudi kwenye swali la kijana. Je, breki inaweza kulipwa na dereva?

Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, alifanya kazi kwa mfalme asiyekuwa wa dini yake, tena aliiomba mwenyewe. Aliomba akabidhiwe maghala ya nchi, akataja sifa mbili: kwamba ni mlinzi na ni mjuzi. Zote mbili kwa pamoja. Mlinzi asiyejua anachokilinda ataibiwa akiwa macho. Mjuzi asiyelinda ndiye atakayemwonyesha mwizi mlango. Basi kufanya kazi kwenye nyumba ya mwenye nguvu si haramu kwa asili yake.

Lakini kijana wangu ni mwerevu, alinijibu: "Ustadh, Yusuf alipewa mamlaka. Mimi nitapewa meza na muhuri." Kweli. Hapo ndipo penye ugumu wenyewe, na mimi sitaki kuupaka sukari. Zipo kampuni zinazomweka mtu pale ili siku ya kuulizwa ziseme, "tunaye." Mtu huyo akigonga muhuri juu ya jambo analojua ni dhuluma, amekuwa pazia la dhuluma hiyo.

Na ipo hoja nyingine tunayoitumia sana, hata sisi wa maofisini na mashuleni: "Nikiondoka mimi, atakuja mbaya zaidi." Hoja hii si ya uongo daima. Mwema akiacha kiti kwa haraka, asiyemwogopa Mungu atakikalia siku hiyo hiyo. Lakini haina budi kuwa na mpaka, la sivyo itahalalisha kila kitu. Mpaka niliompa kijana ni huu: kila baada ya miezi sita ajiulize, nitaje jambo moja ambalo lingemuumiza mtu na halikufanyika kwa sababu nilikuwepo. Akilitaja, akae, avumilie, na inshallah mshahara wake una baraka. Akikosa mara ya kwanza, ajirekebishe. Akikosa tena na tena, yeye si breki. Ni pambo la gari.

Nikamuusia na mengine mawili. Ushauri wako uandike, usiseme kwa mdomo tu, ili siku jambo likiharibika haki isipotee. Na maisha yako usiyajenge juu ya mshahara huo mpaka ushindwe kutoka. Mtu mwenye mikopo mitatu na gari la kifahari hawezi kumwambia bosi hapana, hata kama moyo wake unalia.

Akaniambia ataanza baada ya Idd. Ameandika kwenye karatasi mambo matatu ambayo hatayasaini kamwe, ameikunja akaiweka kwenye msahafu wake. Sikumuuliza ni yapi. Yale ni yake na Mola wake.

Tukumbuke usiku Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoondoka Makka. Watu wa mji ule walitaka kumuua, na bado amana zao zilikuwa nyumbani kwake. Alimwacha Sayyidna Ali nyuma ili azirudishe kwa wenyewe. Kama amana ya adui inarudishwa, itakuwaje ya mama aliyekuamini akakuandikia namba yake ili apate unga?

Kwa upande wetu, tangu mwaka huu orodha ya sadaka inakaa kwenye daftari moja, kwa watu wawili, ndani ya kabati lenye kufuli. Waliochanga watatangaziwa kiasi kilichoingia, kilichotoka na idadi ya kaya. Majina hayatatangazwa wala picha za wapokeaji hazitapigwa. Uwazi ni wa fedha, si wa unyonge wa mtu. Na wewe mama yetu, kama unasoma hapa, nakuomba radhi mbele ya hawa wote kama nilivyokuanika mbele yao, bila kukutaja.

Kazi ya leo kabla ya futari: fungua simu yako. Tafuta picha, namba, au ujumbe wa siri ya mwenzako ambayo huna haja nayo. Ifute. Ukiona kuna uliyoisambaza, mtafute mwenyewe umwombe msamaha leo, kabla siku haijafika ya kuulizwa masikio, macho na moyo.

Ya Allah, tujaalie tuwe walinzi wa tulichokabidhiwa. Wape vijana wetu walioko mijini elimu yenye woga Wako ndani yake. Zikubali funga zetu na utusitiri kama tunavyopenda kusitiriwa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.