Kufurahia Hadithi ya Muuaji: Je, Ni Dhambi?



Wapendwa, leo naomba tuongee kuhusu kitabu ambacho hakimo kwenye orodha ya vitabu vya kiroho, na wala sidhani kama kitakuja kuingia. Kinaitwa Najisikia Kuua Tena, cha marehemu Ben Mtobwa. Nilikinunua kwa machinga anayetandika vitabu chini, karibu na stendi ya Moshi mjini. Kilikuwa kimebanwa kati ya Fizikia ya sekondari na Biblia isiyo na jalada. Nikapanda Hiace ya Kibosho, nikafungua ukurasa wa kwanza, na kusema kweli nilipitiliza kituo.

Basi, kitabu kikaanza kuzunguka. Nilimwazima kaka mmoja wa VIWAWA, naye akampa fundi cherehani, fundi akampa mdogo wake, na kiliponirudia kilikuwa kinanuka mafuta ya taa na kurasa mbili zimeachia. Tukajikuta watu saba tumekisoma. Jumapili moja baada ya Misa ya pili tukakaa nyuma ya kanisa kukijadili. Tulidhani tutacheka kidogo halafu kila mtu aende kwao kula.

Kwa ambao mmezaliwa simu zikiwa zimeshajaa: Joram Kiango ni mpelelezi wa kujitegemea. Mtobwa, aliyezaliwa Kigoma mwaka 1958 na kufariki 2008, alimrudisha katika riwaya moja baada ya nyingine, Lazima Ufe Joram, Tutarudi na Roho Zetu? na nyingine, na wasomaji wakawa wanamsubiri kama unavyosubiri msimu mpya wa tamthilia. Kabla yake kulikuwa na Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza na Kufa na Kupona mwaka 1974. Kabla ya hao wote, kule Zanzibar, kulikuwa na Bwana Msa wa Mohammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale, 1960. Kwa hiyo ukimwona baba yako anakukataza riwaya za mauaji, muulize kwa heshima yeye alisoma nini akiwa kidato cha pili. Muulize kwa heshima, nimesema.

Maoni yakaanza. Fundi pikipiki wetu akasema, "Jamani, hii ni stori tu. Ukimaliza unafunga kitabu, unalala." Mwingine akalalamika kwamba Joram na Nuru wanazunguka pamoja bila ndoa na mwandishi haoni shida yoyote. Tukacheka. Katekista wetu, mzee wa watu, alikuwa anapita na funguo za kanisa mkononi. Tukamwamkia. Akakitazama kitabu, akasoma jina lake kwa sauti, akasema, "Marahaba. Sasa wanangu, mtu mwenye akili anaokota maneno kama haya barabarani anayaleta kanisani?" Hakungoja jibu, akaenda zake.

Kuna dada mmoja alikuwa kimya muda wote. Naye alikuwa amekisoma, tena mpaka mwisho. Akatuuliza, "Hebu niambieni, aliyeuawa wa kwanza mle ndani anaitwa nani?"

Hakuna aliyejibu. Joram tulimkumbuka, Nuru tulimkumbuka, muuaji tungeweza kumchambua mpaka jioni, lakini yule marehemu hakuna aliyekumbuka jina lake.

Akasema, "Mnaona? Kwenye hadithi zenu maiti hana mama."

Wengine walikuwa hawajui, ila mimi nilijua. Mjomba wake aliuawa miaka sita iliyopita, akakutwa asubuhi ndani ya mfongo, ule mfereji unaoleta maji kwenye migomba. Siku ile alitueleza jambo ambalo hakuwahi kulisema. Alisema kilichomuumiza pale msibani, pamoja na kifo chenyewe, ni maswali ya watu. Walipiga ishara ya msalaba, wakakaa, wakapokea chai, halafu wakaanza: alipigwa na nini, walikuwa wangapi, damu ilianzia wapi. "Macho yanawang'aa," alisema, "kama yenu mlivyokuwa mnaongea sasa hivi."

Nilirudi nyumbani kimya. Hilo swali limenikaa mpaka leo, ndiyo maana naandika.

Tuanze upande wa dada yetu, maana una uzito. Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu wa kaskazini, anasimulia katika Maungamo yake, kitabu cha sita, habari za rafiki yake Alipio. Alipio alikwenda Roma kusoma sheria. Alichukia kabisa michezo ya watu kuuana uwanjani. Siku moja rafiki zake wakamvuta kwa nguvu wakaenda naye. Akawaambia mwili wangu mtaupeleka, ila macho na moyo hamtavipata, akakaa pale amefumba macho. Ghafla umati ukapiga kelele kubwa. Udadisi ukamshinda, akafumbua, akaona damu, na tangu hapo hakutaka kutazama pengine. Alitoka pale ni shabiki, anawavuta na wengine. Huyu ndiye Alipio aliyekuja kuwa askofu wa Thagaste na tunamwita mtakatifu. Kama yeye alishikwa, mimi wa kwenye Hiace ni nani? Kuna utamu katika kutazama mtu akiangamizwa, na utamu huo hauombi ruhusa ya mtu yeyote. Fundi pikipiki anaposema ni stori tu, namwelewa, ila Alipio naye alidhani ni kelele tu.

Lakini sikubaliani na katekista kwamba dawa ni kutosoma. Hapa nakuleteeni mpelelezi mwingine wa mfululizo mrefu, na huyu ni wa kwetu kabisa: Padre Brown. Alibuniwa na Mwingereza G.K. Chesterton, kitabu cha kwanza kikatoka mwaka 1911, naye Chesterton akaja kuingia Kanisa Katoliki mwaka 1922. Padre Brown ni mfupi, ana mwavuli mkubwa, anaonekana kama hajui lolote, lakini wauaji wote anawakamata. Katika kitabu cha 1927 kinachohusu siri yake, anabanwa aeleze anafanyaje. Anajibu kwamba wale watu wote aliwaua yeye. Ana maana kwamba anaingia ndani ya moyo wa muuaji, anafikiri anavyofikiri yeye, anakasirika anavyokasirika, mpaka anafika mahali anaona kabisa kwamba na yeye angeweza. Kinachobaki ni kutotenda tu. Kwake hilo ni zoezi la kiroho, na ukilifikiria vizuri, ni padre gani aliyekaa miaka kwenye kiti cha maungamo asiyejua maana yake? Hayati Papa Fransisko, aliyewahi kufundisha fasihi kwa wanafunzi wa sekondari kule Santa Fe, Argentina, aliandika barua mwezi Julai 2024 juu ya nafasi ya fasihi katika malezi. Alianza akiwafikiria mapadre, akaona inawahusu Wakristo wote. Kwa hiyo tusiogope riwaya kwa sababu tu ni riwaya.

Sasa turudi kwenye jina la kitabu chetu. Hadithi yenyewe siwasimulii, nisije nikamharibia ambaye hajasoma. Ila litazame jina lenyewe. Halisemi "nimeamua" wala "nataka". Linasema "najisikia". Hebu jisikilize wewe na mimi kwa siku moja tu: najisikia kulala, najisikia kumjibu yule dada vibaya, sijisikii kwenda Misa. Tumelifanya neno hili kuwa hakimu. Likishatamkwa, hakuna anayeuliza tena. Mtobwa kalichukua akaliweka kinywani mwa muuaji, na ghafla linatisha, kumbe ni lile lile letu la kila siku. Halafu akaongeza "tena". Mara ya kwanza labda mtu alitetemeka. Mara ya pili anatangaza hamu, kama mtu anayetaka mtori.

Mnajua ni wapi nilipoacha kulisoma jina hilo kama la mtu mwingine? Ni kwenye kihamba chetu.

Mtoto wa baba yangu mkubwa anaishi Dar es Salaam. Kwetu sisi huyo ni kaka, Kiswahili cha binamu hatukitumii. Miaka mitatu iliyopita alikuja Desemba kama Wachagga wote, akachinja, akakaa wiki mbili. Alipoondoka tukakuta masale ya mpakani yameng'olewa na kupandwa hatua nne ndani ya upande wetu. Hatua nne! Unaweza kucheka, lakini kihamba unakijua. Ndipo alipozikwa babu, ndipo kahawa ilipo, na mama yangu amepalilia pale tangu aolewe. Mama alipoona alikaa chini kwenye nyasi, hakusema neno.

Tangu siku hiyo, wapendwa, mimi nimemuua kaka yangu mara nyingi sana. Silaha sijawahi kushika. Ila usiku nikilala napata habari kwamba gari lake limepinduka, na mimi ndiye napokea simu, na ninalia vizuri kabisa mbele ya watu. Nimeupanga mpaka msiba wake. Nilikuwa sijui kama hayo ni mauaji. Nilikuwa nayaita mawazo. Bwana wetu katika Mathayo sura ya tano haiweki hasira mbali na kuua; anaziweka kwenye mahubiri yale yale, mstari kwa mstari. Hayo nilikuwa nimeyasikia mara mia moja Kanisani na hayakunigusa. Yalinigusa nikiwa kitandani na tochi ya simu, saa nane ya usiku, nasoma riwaya ya muuaji, nikagundua namwelewa mno.

Ndiyo maana siwezi kusema kitabu kile kilikuwa takataka. Kilinikamata.

Lakini dada yetu bado ana hoja. Soma tena habari za Kaini, Mwanzo sura ya nne. Mungu anazungumza na Kaini mara mbili. Mara ya kwanza ni kabla, uso ukiwa umemkunjamana, wakati Kaini "anajisikia" tu. Mungu anamwonya kwamba dhambi iko mlangoni na anapaswa kuishinda. Hapo ndipo Padre Brown anafanya kazi, na riwaya nzuri ya mauaji inaweza kutufikisha hapo. Mara ya pili ni baada ya tendo, na neno la kwanza la Mungu ni kuuliza aliko Abeli. Anamtaja kwa jina. Halafu anasema damu yake inamlilia kutoka ardhini. Sisi tuliosoma kitabu tulikaa na Kaini muda wote, tukamchambua, tukamhurumia, tukamwogopa. Abeli hatukumuulizia. Na mimi katika ile sinema yangu ya usiku, kaka yangu hakuwahi kuwa na watoto wawili wanaoniita baba mdogo, ingawa anao. Nilikuwa nimewafuta ili gari lipinduke vizuri.

Kwa hiyo je, ni dhambi? Mtakatifu Inyasi wa Loyola, alipolala na mguu uliovunjika mwaka 1521, aliomba riwaya za mashujaa na mapenzi, wakamkosea, wakampa maisha ya Kristo na ya watakatifu. Alichogundua pale kitandani si kwamba riwaya hazina utamu. Utamu ulikuwepo kote kote. Tofauti aliiona baadaye, katika kile kilichobaki moyoni saa chache baada ya kufikiria jambo. Mimi natumia kipimo hicho. Kuna vitabu na hasa hizi filamu za wauaji wa kweli ambazo nikimaliza nataka nyingine hapo hapo, kali zaidi, kama Alipio, na watu wa nyumbani nawaona wananichosha. Hizo nimeacha. Za namna ile bila kusita naziita dhambi kwangu, hata kama kwako ni stori tu. Na kuna nyingine ambazo nikifunga nakaa nimeogopa, na ninayemwogopa ni mimi.

Nilimwomba dada yetu msamaha, kwa macho yangu yaliyong'aa. Akasema amesamehe, halafu akaniuliza kama kitabu kingine cha Joram kinapatikana. Wanadamu bwana.

Nilikwenda kuungama pia. Padre alisikiliza yote, ajali na msiba na simu, kisha akaniuliza swali moja: masale ya mpakani bado yapo? Nikamwambia yapo. Kwa wasio wa huku, isale ni ile mimea ya majani marefu tunayopanda mipakani, na ndiyo hiyo hiyo mtu aliyekosa anakata jani lake, analifunga fundo, na kulipeleka kwa aliyemkosea kuomba msamaha. Jani la isale halikataliwi hovyo.

Nikamwambia, Padre, lakini aliyeng'oa ni yeye. Mwenye kosa ndiye hupeleka jani. Akanyamaza kidogo, akasema kihamba amekosa yeye, hilo lipelekwe kwa wazee wa ukoo. "Na yale mauaji?" akauliza.

Desemba inakuja, na kaka atapanda na basi au na gari lake kama kawaida, na watoto. Mama ameshaanza kuulizia ndafu itagharimu kiasi gani mwaka huu. Jana jioni nilishuka mpaka mpakani nikayatazama yale masale aliyoyapanda yeye. Yameshika vizuri, majani mapana. Nikawaza, hivi nikikata jani nimpelekee, nitakata la kwetu au hili?