Mama na Mayai Yake

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, ipo amri ambayo sijasikia ikihubiriwa sana. Mtu akikuta kiota, makinda anaruhusiwa kuyachukua, ila mama aliyeyalalia amwachie aende zake. Anayeitii anaahidiwa kufanikiwa na kuishi siku nyingi, ahadi ile ile waliyopewa wanaowaheshimu baba na mama. Mimi ni katekista huku Muleba, mtoto wa mvuvi, na kila masika amri hiyo hunikumbusha ningu.

Vijana wengi hawamjui. Ni samaki mwenye midomo minene ya kuparua mwani kwenye mawe, na makao yake duniani ni maji ya ukanda huu wa Victoria tu. Huishi ziwani, lakini mvua zikijaza Kagera na mito mingine, hupanda kwa makundi kwenda kutaga kwenye majani yaliyofunikwa na mafuriko. Wazee walimtega kwa migono na bado akabaki. Nyavu za makila zilipofika mwanzoni mwa karne ya 20, zikatandazwa midomoni mwa mito, wakamngoja pale pale akiwa na mayai tumboni. Kufikia miaka ya 1950 mavuno yalikuwa yameporomoka. Sangara, tunayemsingizia kila balaa la ziwa, alipandikizwa miaka hiyo hiyo, ningu ameshapungua. Leo wataalamu wanamhesabu miongoni mwa walio hatarini kabisa kutoweka.

Watoto wa kipaimara huniuliza: ana faida gani, wakati sato yupo? Swali lenyewe ndilo silipendi. Kitabu cha Mwanzo kinasema samaki walibarikiwa siku ya tano na kuambiwa waongezeke, sisi hatujaumbwa. Hawakuulizwa faida yao. Naye Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba wema wa Mungu hauwezi kuonyeshwa na kiumbe kimoja, ndiyo maana akaumba vingi na tofauti: anachokosa huyu, yule anakileta. Basi sato akijaa soko zima la Bukoba, nafasi ya ningu bado iko wazi. (Babu zetu walisema maji ni ya Mugasha. Simfundishi mtu kumwabudu Mugasha, ila walau walijua maji yana mwenyewe.)

Pagumu ni kwenye toba. Mwenye wavu nitamsomea habari ya kiota, ataelewa. Je, yule aliyefyeka mafunjo bondeni akapanda viazi, au aliyezungusha mikaratusi kwenye chemchemi? Hajawahi kumwona ningu maisha yake yote. Amechukua kiota bila kumgusa mama. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, lakini kibanja kimegawanywa kwa watoto mpaka hakigawanyiki tena, na bonde ndilo lililobaki. Siwezi kumwita mwizi mtu anayetafutia wanawe chakula. Wala siwezi kusema hakuna kosa kwa kuwa wakosaji ni wengi na kila mmoja amekosa kidogo.

Jambo jingine linatuhusu sisi wenyewe wa kanisani. Kwaresima huangukia kati ya Februari na Aprili. Ijumaa hatuli nyama, tunanunua samaki, na ndipo masika inapoanza na ningu anapanda. Tunafunga kwa kumla mama na mayai yake.

Nilipendekeza kwenye jumuiya yetu kwamba samaki wa mtoni tuwaache mpaka mvua zikatike. Akina mama walikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Mzee mmoja, mvuvi wa zamani, akaguna.

"Katekista, Ijumaa tutafune kahawa tu?"

"Maharage yapo, tata."

"Maharage yapo," akasema, "na wa kijiji cha ng'ambo je, nao wana jumuiya?"

Huko sijaenda bado. Parokia ni nyingine, na katekista wao ana wavu.