Mfinyanzi Hulia Gaeni: Ni Sifa au Lawama?

Wahenga wametuachia methali isemayo kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Madarasani tumezoea kuifafanua kwa haraka: atengenezaye vitu vizuri kwa ajili ya wengine aghalabu hujisahau nafsi yake. Huwaonya wanafunzi kwamba "hulia" hapa hutokana na kula, wala si kilio. Wakaandika, na somo likaisha. Lakini yafaa tujiulize: je, methali hii humsifu mfinyanzi, au humlaumu?

Tuanze na kazi yenyewe. Kandokando ya Ziwa Mweru nchini Zambia, kutoka Puta hadi Nchelenge, chungu huitwa kwa Kibemba "inongo", na sikio la Mswahili halikawii kuikumbuka nyungu. Ng'ambo ya ziwa hilo, upande wa Kongo, Kiswahili husemwa. Kwa Wakisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa nchini Tanzania, ufinyanzi ni kazi ya wanawake, na vyungu vyao husafirishwa kwa mitumbwi hadi sokoni Matema.

Mfinyanzi wa namna hii hana mashine. Huchimba udongo, huutoa mawe na mizizi, huukanda, kisha hukiinua chungu kwa mikono mitupu. Hukianika kivulini siku kadhaa, maana maji yakisalia ndani yatageuka mvuke motoni na kukipasua. Ndipo hukichoma kwa kuni, nyasi na magome ya miti. Katika moto huo ufikao baina ya digrii 600 na 900 hivi, udongo huacha kuwa udongo. Hata ukiuloweka mwaka mzima haurudi kuwa tope.

Moto ukizimika, mfinyanzi hukigonga kila chungu kwa kidole. Kizima hulia kwa sauti kali. Chenye ufa hutoa sauti nzito iliyokufa. Hapo ndipo penye mtihani wa roho yake. Ufa mwembamba waweza kuzibwa na kupakwa masizi, na mnunuzi asiugundue mpaka siku mchuzi utakapomwagikia mafigani. Mfinyanzi mwaminifu hukitenga chungu hicho, akakitumia mwenyewe. Huyu hulia gaeni kwa sababu amekataa kumuuzia mwenziwe gae. Basi methali ni sifa.

Hata hivyo, yuko mfinyanzi mwingine ambaye hana hiari. Angependa kubakiza chungu kimoja kizima kwa ajili ya wanawe, lakini bei apewayo haimruhusu. Sisi wanunuzi, ambao hulipa bei ya sufuria ya alumini dukani bila kunung'unika, hufika kwake tukabishana mpaka senti ya mwisho, kana kwamba udongo aliouokota bure umejifinyanga wenyewe. Kwa huyu, mwanafunzi aliyesoma "hulia" kwa maana ya kilio hakukosea sana. Methali ni lawama, nayo yatuangukia sisi.

Pengine mtu atasema kwamba gae si takataka, na kweli si takataka. Wafinyanzi wengi husaga vigae vya kale wakavichanganya na udongo mbichi, ili chungu kipya kistahimili moto. Kilichovunjika jana ndicho kikingacho cha leo kisipasuke. Hiyo ni hekima kubwa, lakini tusiifanye kisingizio cha kumpunja mwenye kazi. Thamani ya gae haimwondolei mfinyanzi haki yake ya kula katika chombo kizima.

Tofauti, kwa hiyo, haimo katika gae bali katika swali hili: nani amelichagua? Nasi walimu tujiulize vivyo hivyo. Twasahihisha insha za watoto wa watu hadi usiku, na wa kwetu hulala bila kusomewa hata hadithi moja. Je, tumechagua, au tumezoea tu? Na somo tusiloliandaa vema, je, tunalitenga, au tunalipaka masizi na kuliingiza darasani?

Siku utakapoifundisha tena methali hii, mwalimu mwenzetu, chukua vyungu viwili, kizima na chenye ufa. Wanafunzi wavigonge, wasikilize, kisha wajibu swali hilo kabla ya kuandika maana.